Fahamu Chozi, Ndege Mdogo Anayefanya Kazi Kubwa ya Kuchavusha Maua

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

Mwananchi anayeishi katika vijiji vilivyo chini ya Milima ya Uluguru akitoka nje asubuhi hakosi kumwona ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, akihama kutoka ua moja hadi jingine. Leo atakuwa kwenye mkungu wa ndizi unaochanua, kesho kwenye mshubiri ulio kando ya njia, na keshokutwa kwenye maua mekundu ya mti wa mwamba-ngoma. Dume hung'aa kijani, zambarau au nyekundu jua linapompiga, ilhali jike huwa na rangi ya kijivu au kijani iliyofifia. Ndege huyo ni chozi.

Kwa watu wengi chozi ni pambo la bustani. Wapo pia wanaomwona kuwa msumbufu anayeharibu maua, na watoto wengine humlenga kwa manati kwa kuwa yuko karibu na nyumba. Mitazamo hiyo inasahau kwamba chozi ana kazi maalumu katika uoto wa asili. Ni mchavushaji, na ipo mimea ambayo bila yeye hutoa mbegu chache au haitoi kabisa.

Makala haya yanaeleza namna ndege huyu anavyofanya kazi hiyo, kwa nini Tanzania ina dhamana ya pekee juu yake, na mambo ambayo mwananchi anaweza kuyafanya ili kazi hiyo isikome.

Chozi ni ndege wa namna gani?

Chozi ni wa familia ya ndege iitwayo kitaalamu Nectariniidae, yenye zaidi ya spishi 140 zinazopatikana Afrika, Asia na hadi kaskazini mwa Australia. Wengi wao wana uzito wa kati ya gramu 5 na 15. Chakula chao kikuu ni majimaji matamu yanayopatikana ndani ya ua, yaitwayo mbochi au nekta.

Maumbile yake yanaendana na chakula hicho. Mdomo ni mrefu na umepinda kwa kiasi kinachotofautiana baina ya spishi na spishi, na ulimi una umbo la mrija unaogawanyika kwenye ncha, hivyo chozi huweza kufikia mbochi iliyo chini kabisa ya ua refu. Mng'ao wa dume hautokani na rangi ya kawaida pekee, bali na muundo wa unyoya unavyoakisi mwanga. Ndiyo maana ndege yuleyule anayeng'aa kijani juani huonekana mweusi akiwa kivulini.

Mara nyingi chozi hulinganishwa na ndege wavumaji wa bara la Amerika, ambao wana spishi zaidi ya 350 na ambao hunywa mbochi wakiwa wamesimama hewani. Hata hivyo, makundi haya mawili si ndugu wa karibu. Kila kundi lilifikia maumbile ya kunywa mbochi kwa njia yake. Tofauti kubwa ni kwamba chozi, ingawa anaweza kusimama hewani kwa muda mfupi, kwa kawaida hupenda kutua kwenye tawi au shina la ua anapokula.

Mbochi ina sukari nyingi lakini protini ndani yake ni kidogo mno. Kwa sababu hiyo chozi hula pia wadudu na buibui, hasa wakati wa kulea makinda. Kiota chake ni kama kifuko kinachoning'inia kwenye tawi, kilichofumwa kwa majani makavu na nyuzi za mimea na kushikizwa kwa utando wa buibui. Buibui, kwa maana hiyo, humpa chozi chakula na pia vifaa vya ujenzi.

Namna ua linavyomtumia ndege

Mmea hauwezi kutembea. Ili utoe mbegu, chavua kutoka sehemu ya kiume ya ua lazima ifike kwenye stigma, ambayo ni sehemu ya kike inayopokea chavua. Mimea mingi, kama nyasi na mahindi, huutegemea upepo. Mingine hutegemea nyuki, vipepeo, nondo au popo, na lipo kundi linalotegemea ndege.

Maua yanayochavushwa na ndege yana sifa zinazofanana. Mengi yana rangi nyekundu au ya chungwa, rangi ambayo ndege huiona vizuri lakini nyuki huiona kwa shida. Aghalabu hayana harufu kali, kwa kuwa ndege hawa hutumia zaidi macho kuliko pua kutafuta chakula. Yana umbo la mrija, na hutoa mbochi nyingi na nyepesi kuliko maua yanayotegemea nyuki.

Chozi anapoingiza mdomo ndani ya ua, stameni hugusa paji la uso, koo au mdomo wake na kumwachia vumbi la chavua. Anapohamia ua jingine la aina hiyohiyo, sehemu ya vumbi hilo hubaki kwenye stigma. Chozi hana habari na uchavushaji. Anatafuta chakula tu. Ua, kwa upande wake, hutoa mbochi kama ujira wa usafirishaji.

Baadhi ya mimea imekwenda mbali zaidi katika kumhudumia mteja huyu. Ipo mimea inayoota juu ya matawi ya miti mingine ambayo maua yake hubaki yamefumba huku yakiwa yamekazwa kama mtego. Chozi akipenyeza mdomo, ua hufyatuka na kumrushia chavua kichwani. Nchini Afrika Kusini uko mmea uitwao Babiana ringens ambao maua yake yako karibu na ardhi, mahali pasipo na tawi la kutua. Mmea huo huotesha kijiti kisicho na maua, mahususi kwa chozi kukikamata anapokula. Watafiti walioondoa vijiti hivyo walibaini kuwa uzalishaji wa mbegu ulipungua, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2005.

Si kila ua linalochavushwa na chozi ni jekundu. Juu ya Mlima Kilimanjaro, Lobelia deckenii, mmea mkubwa wenye umbo la mnara, una maua ya buluu yaliyojificha nyuma ya majani madogo. Mmea huo haupatikani nje ya mlima huo. Katika mwinuko huo wa baridi kali anaishi chozi aitwaye Nectarinia johnstoni, anayekunywa mbochi ya lobelia na kukamata inzi wadogo wanaojificha ndani yake. Hapa unaonekana umuhimu mwingine wa ndege. Baridi na mvua za milimani huwazuia wadudu wengi kuruka, ilhali ndege, ambaye mwili wake hujitengenezea joto, huendelea na kazi.

Maua mangapi yanamtosha chozi mmoja?

Kuruka kunahitaji nguvu nyingi na mwili mdogo hupoteza joto haraka. Chozi hulazimika kula karibu muda wote wa mchana. Suala hili lilichunguzwa katika eneo la Naivasha, Kenya, na watafiti Frank Gill na Larry Wolf miaka ya 1970. Walimfuatilia chozi mwenye mabawa ya rangi ya dhahabu, ambaye anapatikana pia kaskazini mwa Tanzania, alipokuwa akilinda maua ya chungwa ya mimea ya jamii ya Leonotis.

Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1975, yalionesha kuwa ukubwa wa maeneo yaliyolindwa na ndege hao ulitofautiana sana. Baadhi yalikuwa madogo kama chumba, mengine yalikuwa makubwa kuliko hayo kwa mara mamia. Hata hivyo, idadi ya maua ndani ya kila eneo haikutofautiana sana: ilikuwa takribani 1,600. Ndege hakuwa akipima ardhi. Alikuwa akipima chakula kinachomtosha kwa siku.

Matokeo hayo yana somo kwa wananchi na wasimamizi wa ardhi. Chozi anahitaji maua mengi, na anayahitaji mwaka mzima, si msimu mmoja. Aina moja ya maua inapokwisha lazima nyingine iwe imeanza kuchanua mahali anapoweza kufika. Mfululizo huo ukikatika kwa miezi miwili tu, chozi huhama au hufa, na mimea itakayochanua baadaye itakosa wa kuihudumia.

Tanzania na dhamana yake

Tanzania ina chozi wengi, wakiwemo ambao hawapatikani kwingine kokote duniani. Wengi wa hawa wako katika Milima ya Tao la Mashariki, mfululizo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kupita Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru hadi Udzungwa na Mahenge. Misitu ya milima hiyo imetengana kwa muda mrefu mno kama visiwa, hivyo viumbe vyake vimekua kila kimoja kwa namna yake.

Chozi ajulikanaye kitaalamu kama Cinnyris loveridgei anaishi katika Milima ya Uluguru pekee. Cinnyris moreaui yuko katika milima ya Nguru, Ukaguru na Udzungwa. Cinnyris rufipennis wa Udzungwa aliingia katika kumbukumbu za kisayansi miaka ya 1980 tu, jambo linaloonesha kuwa misitu hiyo bado ina mengi ya kufundisha. Chozi wa Amani, aliyepewa jina la eneo la Amani lililoko Usambara Mashariki, anapatikana pia Udzungwa na katika msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya. Kisiwa cha Pemba nacho kina chozi wake, Cinnyris pembae, ambaye ni miongoni mwa spishi nne za ndege zinazoishi kisiwani humo pekee.

Si wote hawa wanaotegemea mbochi kwa kiwango kilekile. Baadhi yao, akiwemo chozi wa Amani, hutumia muda mwingi wakitafuta wadudu kwenye matawi ya juu. Lakini kwa pamoja wanafanya sehemu ya kundi la wachavushaji wa misitu ambayo wananchi wa mijini na vijijini huitegemea bila kufikiri. Mto Ruvu, unaowapatia maji wakazi wa Dar es Salaam, hupata sehemu ya maji yake kutoka Uluguru. Msitu unaotunza maji hayo hauwezi kujirudisha wenyewe iwapo mimea yake haitoi mbegu.

Je, chozi akitoweka nini hutokea?

Swali hili lina jibu lililopimwa, ingawa linatoka mbali. Katika Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand, ndege wa asili wanaokunywa mbochi walitoweka katika maeneo mengi mwishoni mwa karne ya 19 baada ya kuletwa wanyama wageni, wakiwemo panya. Ndege hao, ambao si chozi lakini hufanya kazi ileile, walibaki katika visiwa vidogo vya jirani.

Watafiti walilinganisha sehemu hizo mbili kwa kuangalia kichaka cha asili kiitwacho Rhabdothamnus solandri, chenye maua ya chungwa yanayochavushwa na ndege. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionesha kuwa mahali ndege walipotoweka, uzalishaji wa mbegu kwa kila ua ulipungua kwa asilimia 84, na miche michanga ilipungua kwa asilimia 55.

Hatari kubwa ya jambo hili ni kuwa halionekani mapema. Vichaka vilivyokomaa bado vilikuwapo na viliendelea kuchanua. Mpita njia angedhani kila kitu kiko sawa. Kilichokosekana ni watoto wa vichaka hivyo. Msitu wa namna hiyo huzeeka bila warithi, na upungufu huo huja kugundulika wakati wachavushaji wameshatoweka kwa zaidi ya karne moja.

Yanayomtishia chozi hapa nchini

Tishio la kwanza ni kufyekwa kwa misitu na vichaka. Chozi wa kawaida wa bustanini hustahimili mabadiliko, lakini wale wa milimani wamefungwa na msitu wao. Chozi anayeishi Uluguru pekee hana mlima mwingine wa kukimbilia. Mahali kama Bunduki, ambapo ardhi iliyofyekwa imeutenganisha msitu wa Uluguru Kaskazini na ule wa Kusini, panaonesha namna makazi ya viumbe hawa yanavyoweza kukatwa vipande.

Tishio la pili ni moto. Moto wa kuandaa mashamba, kurina asali au kuwinda ukitoka nje ya udhibiti huteketeza mimea inayochanua kiangazi, kipindi ambacho chakula tayari ni haba. Mwezi Oktoba 2020 Taifa lilishuhudia moto mkubwa ukiunguza uoto wa sehemu za juu za Mlima Kilimanjaro. Uoto wa mwinuko huo hukua polepole kwa sababu ya baridi, na kurejea kwake huchukua miaka mingi.

Tishio la tatu ni matumizi holela ya viuatilifu. Dawa inayopuliziwa wakati maua yamechanua haiui nyuki peke yao. Hupunguza pia wadudu na buibui ambao chozi huwalisha makinda yake. Bustani inaweza kuwa na maua tele na bado makinda yakafa kwa kukosa protini.

Ufafanuzi wa dhana zinazojirudia

Je, chozi huharibu maua? Mara chache chozi hutoboa ua refu kwenye kitako na kunywa mbochi bila kugusa chavua, hasa pale mdomo wake unapokuwa mfupi kuliko ua. Hata hivyo, katika sehemu kubwa ya maua anayoyatembelea hunywa kupitia mlango wa ua na kuliacha likiwa zima.

Je, chozi hupunguza mavuno ya ndizi? Hapana. Migomba tunayolima hutoa ndizi bila kuhitaji kuchavushwa, na ndiyo maana ndizi za kula hazina mbegu. Chozi anayeonekana kwenye mkungu anakunywa mbochi na kukamata wadudu. Hasaidii mavuno ya ndizi wala hayadhuru.

Je, chozi ndiye mchavushaji mkuu wa mazao? Hapana pia. Mazao mengi ya chakula nchini yanategemea upepo, nyuki na wadudu wengine. Thamani ya chozi iko zaidi katika mimea ya asili, ikiwemo mishubiri ambayo utomvu wake hutumika kama dawa, na mwamba-ngoma, mti wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo na kutumiwa na waganga wa tiba asili.

Wajibu wa mwananchi

Serikali imeweka misingi ya kisheria ya kuwalinda viumbe hawa na makazi yao. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda au kukamata wanyamapori, wakiwemo ndege, bila kibali. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inasimamia hifadhi za misitu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na maziwa. Vichaka vya kingo hizo ni miongoni mwa njia ambazo ndege huzitumia kuhama kutoka msitu mmoja hadi mwingine.

Baadhi ya makazi muhimu ya chozi tayari yana hadhi ya hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997, na ile ya Uluguru mwaka 2008. Hata hivyo, chozi hajui mpaka wa hifadhi. Sehemu ya maisha yake huipitisha kwenye mashamba, uani mwa nyumba, viwanja vya shule na kandokando ya barabara, na huko ulinzi wake uko mikononi mwa wananchi wenyewe.

Kwa hiyo wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kupanda na kuacha mimea ya asili inayochanua kwa nyakati tofauti za mwaka, kama vile mishubiri na mwamba-ngoma, kwenye mipaka ya mashamba, kandokando ya shule na zahanati.

2. Kuepuka kupulizia viuatilifu wakati mimea imechanua, kutumia dawa zilizosajiliwa pekee kwa kipimo kilichoelekezwa, na kuomba ushauri wa afisa ugani wa kata kabla ya kutumia.

3. Kutochoma moto mashamba bila kufuata utaratibu wa serikali ya kijiji, na kutoa taarifa mapema moto unapoonekana karibu na msitu.

4. Kuwaelekeza watoto waache kuwapiga ndege kwa manati na kuharibu viota. Walimu wanaweza kutumia ua na chozi kama somo la vitendo la uchavushaji, kwa kuwa mfano huo upo nje ya dirisha la darasa.

5. Kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji, ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania au askari wa wanyamapori pale wanapobaini ukamataji wa ndege au ufyekaji haramu wa misitu.

Hatua hizi hazihitaji gharama kubwa. Mshubiri hupandwa kwa chipukizi lililong'olewa kando ya mmea mama, na tawi la mwamba-ngoma lililochomekwa ardhini mwanzoni mwa mvua huweza kuchipua na kuwa sehemu ya uzio. Kaya moja ikifanya hivyo, chozi atapata mlo wa siku chache. Kijiji kizima kikifanya hivyo, atakuwa na njia ya maua inayounganisha msitu na msitu, na mimea ya misitu hiyo itaendelea kutoa mbegu.